Kipa wa Nyumbani Kwetu

Niliusikia uwanja kabla sijauona. Nilikuwa nimeteremka garini Gombani, mkoba begani, jua la alasiri machoni, na baina yangu na mpira kulikuwa na migomba, mapaa ya mabati na ukuta mrefu. Sauti ikapanda kama maziwa yanayochemka, ikafika ukingoni, ikasita, kisha ikashuka kwa mguno mmoja mzito. Nikasema peke yangu: "Mtambaa wa panya." Dereva wa bodaboda aliyekuwa akingoja abiria akatazama simu yake, akangoja kidogo, akainua uso. "Kweli, mpira umegonga mwamba wa juu. Umejuaje, dada, na simu yako imo mkobani?"

Sikuwa na wasaa wa kumjibu, kipindi cha pili kilikuwa kimeshaanza. Lakini wewe nitakujibu, maana wewe ni mtu wa kukaa nami.

Kwanza tuzungumze mpira wenyewe, kwani najua nawe huli ukashiba timu ikifungwa. Msimu huu wetu wametutesa. Tulitoka sare nyumbani na wageni wa kutoka Unguja, mechi tuliyokuwa nayo mkononi, kwa sababu kocha alimtoa kiungo mkabaji akidhani kazi imekwisha. Kazi ya mpira haiishi mpaka filimbi. Tukavuka bahari tukafungwa kwao, na nisikudanganye, si mwamuzi aliyetufunga: beki wetu wa kulia alisimama kanyoosha mkono kudai kuotea, na mshambuliaji wao tayari anashangilia kwenye kibendera cha kona. Na yule kiungo tuliyemsajili dirisha dogo amekuja na jina refu na pumzi fupi. Nikimkuta njiani nitamwamkia kwa heshima zote, lakini hilo nimeshalisema.

Siku ile, hata hivyo, tulishinda. Goli lilifungwa kwa kichwa na beki wa kati ambaye sote tulimcheka aliposajiliwa, tukasema anakimbia kama mtu aliyebeba kabati. Kabati lile lile liliruka juu ya watu wote likatupa pointi. Ila hata goli lile halikuwafurahisha watu kama walivyotaka kukasirika, na waliyemkasirikia ni winga wetu wa kushoto, kijana wa Msuka, kule mwisho kabisa wa kaskazini ya Pemba. Klabu kubwa ya Bara imemchukua, na mechi ile ilikuwa yake ya mwisho kwetu. Shuti lililogonga mtambaa wa panya lilikuwa lake. Kila akigusa mpira, jukwaa letu linazomea. Mimi nikapiga makofi.

"Dada, wampigia makofi ntu anotukimbia?" akaniuliza bwana mmoja aliyekaa mbele yangu, kofia ya kiua kaivuta mpaka kwenye nyusi.

"Huyu hatukimbii, kaka. Anatoka."

"Basi kuna tofauti?"

"Anayekimbia angekuwa ameshapanda boti. Huyu kaja kucheza."

"Haya, nawe mfuate ukampikie huko huko!" Jukwaa zima likacheka, na mimi nikacheka nao, maana kejeli ikiwa nzuri hata ukiipokea wewe ni nzuri. Lakini sikuacha kupiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Tofauti ya kukimbia na kutoka nilifundishwa nikiwa mtoto wa kike mwenye mikono iliyojaa karafuu, uani kwa bibi, Madungu, hapa hapa Chake.

Nyumba ya bibi ilikuwa ndiyo kambi. Timu ya mtaa wetu ilikuwa imepanda mpaka ligi kuu bila kuwa na kitu zaidi ya miguu, na kabla ya kila mechi wachezaji walikaa na kulala chumba chetu cha mbele. Mipira ilitundikwa ukutani ndani ya wavu. Harufu ya dawa ya kuchua misuli ilipigana na harufu ya nazi kutoka jikoni, na juu ya zote mbili, msimu ukiwa umeingia, ilikaa harufu ya karafuu, ile inayokukata koo kidogo na kukufanya umezee mate. Kazi yangu ilikuwa kukuna nazi. Nilikaa juu ya mbuzi tangu saa za asubuhi, na bibi akipita hunitupia neno: "Usikune mpaka kifuu, ntoto weye, unataka wachezaji wale mbao?" Wakila mseto wa mchele na chooko kwa samaki wa kukaanga, au shelisheli lililochemshwa likatiwa tui zito, nyumba ilinyamaza kabisa. Bibi alisimama mlangoni akihesabia shibe zao kama zake.

Kipa alikuwa mjomba, mdogo wake mama, mtoto wa mwisho wa bibi. Alikuwa mrefu na mwenye haya; nyumbani tulimtumia kuteremsha vitu vya juu ya kabati. Bibi ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza, ingawa hakuna kocha aliyelijua hilo. Akirudi shambani na kapu, hakulipeleka jikoni. Alisimama ukumbini, akatoa tunda la shelisheli, akapiga ukelele "Daka!" na kumvurumishia, kushoto, kulia, juu. Mjomba aliyadaka yote, kwa kuwa lililopondeka lingekuwa chakula chake peke yake.

Siku hizo wanawake wa mtaani kwetu hawakwenda uwanjani. Wala mechi zetu hazikutangazwa redioni. Lakini Madungu na Gombani si mbali, na upepo ukiwa mwema sauti inakuja nzima nzima. Jumapili za mpira wanawake walikusanyika uani kwetu, wakakaa kwenye majamvi kuchambua karafuu, kuziondoa kwenye makonyo yake, na masikio yote yakaelekea Gombani. Bibi alikuwa akitutafsiria. Goli letu, alisema, huanzwa na watoto, kwa sababu wao hukaa nyuma ya goli, kisha watu wazima hulipokea. Goli la wageni huanzia mbali, upande wanaoegesha magari waliyokuja nayo. Kona ni minong'ono mingi kwa pamoja. Mpira ukigonga mwamba, sauti hupanda halafu ikakatwa. Mwamuzi akionea watu, sauti haipandi wala haishuki, inanguruma tu kama tumbo. Wachezaji wakirudi jioni na kuanza kutusimulia mechi, bibi aliwakatiza: "Hilo tunalijua. Tuambie nani kaumia."

Kati ya waliokaa kwenye majamvi yale alikuwapo jirani yetu, mzaliwa wa Wete. Babu yake alitoka Bara kuja kuchuma karafuu, akaoa, akazikwa kuno kuno Pemba, na mjukuu akawa Mpemba kuliko sisi. Mpira tu ndio aliokataa kuhamia Chake. Alichambua karafuu zetu, akanywa chai yetu, na akaishangilia timu ya Wete juu ya jamvi letu bila haya hata chembe.

Mwaka ninaousema, msimu wetu ulibakiwa na mechi moja, nayo ilikuwa na hao hao Wete. Tukifungwa, tunashuka daraja. Sare ilitutosha. Katikati ya wiki hiyo ndipo alipokuja mgeni.

Alikuwa mtu wa Bara, mpole, viatu vimepigwa rangi mpaka vikaakisi mlango. Alitumwa na klabu kubwa ambayo kipa wake alivunjika mkono, na mtu fulani alikuwa amewaambia kwamba Pemba kuna kijana hadondoshi kitu. Alimtaka mjomba, na alimtaka kwa boti ya kesho yake. Bibi akamkaribisha, akamtandikia, akamletea sahani. Mgeni akaweka mkono kifuani. "Ahsante sana mama, nimeshakula hotelini." Bibi akatabasamu. Kisha akazungumza naye habari za mvua, akazungumza naye bei ya karafuu, akamuuliza hali ya wazazi wake mmoja mmoja, mpaka mgeni akaaga bila ya kupata pa kuliingizia jambo lake.

"Mbona hukumjibu maskini wa Mungu?" jirani akauliza.

"Kanijia tumbo limejaa," alisema bibi. "Ntu aliyeshiba hana haja na mtu."

Nadhani mjomba ndiye aliyemweleza mgeni kosa lake. Kesho yake boti ikaondoka bila wao, na mgeni akarudi kwetu na njaa, akala mseto mpaka akalamba vidole, akaongezewa, akala tena. Ndipo bibi alipojifuta mikono, akakaa na kusema, "Haya, mwanangu. Nakusikiliza."

Mgeni akasema yote. Bibi akamgeukia mjomba, na mjomba, aliyekuwa akitazama vidole vyake vya miguu, akasema jambo ambalo mama hulirudia mpaka leo: "Kalamu ni yangu. Radhi ni ya mama." Kwetu ndivyo. Mtoto akitoka na radhi, hata akikosa hajakosa. Akitoka bila radhi, hata akipata hajapata.

"Huko atalala wapi?" bibi akauliza.

"Kambini, mama. Kitanda na godoro."

"Nani atamwamsha alfajiri?"

"Kuna kengele, mama."

Bibi akanyamaza. Alikuwa akifikiri, lakini mgeni hakuuzoea ukimya wetu. Akadhani ni bei. Akaongeza chumba cha peke yake. Bibi kimya. Akaongeza simu ya mkononi, feni, na ruhusa ya kurudi nyumbani kila sikukuu. Bibi bado kimya, na jirani, nyuma ya pazia, akaninong'oneza: "Bibi yako akinyamaza tena, mgeni huyu atatupa na boti yenyewe." Nilicheka nikafukuziwa jikoni, ambako nilisikia vizuri zaidi.

"Sijakataa, mwanangu," bibi akasema hatimaye. "Jumapili ana mpira. Akishacheza, mchukue."

"Mama, klabu haisubiri. Na akiumia Jumapili? Akifungwa mabao mengi, mimi nitawaambia nini wakubwa zangu?"

"Hawa wamekula naye sinia moja tangu msimu kuanza. Aliyetandika mkeka ndiye anayeukunja. Akiwakimbia hawa leo, kesho atakukimbieni nyinyi."

Mgeni akatoka nje kupiga simu. Aliporudi, upole wake ulikuwa umepungua kidogo. Boti ya Jumatatu asubuhi, alisema, ndiyo ya mwisho. Jumapili atakuwapo uwanjani, ataona kwa macho yake. "Akinivunja moyo, mama, nitaondoka peke yangu, na usinilaumu."

Basi yakawa hayo. Mechi moja ikabeba vyote viwili, daraja la mtaa na riziki ya mjomba. Mama alimwambia bibi usoni kwamba amemfungia mwanawe mlango wa heri kwa sababu ya watu wa kupiga mpira. Bibi akainuka. Aliichukua jezi ya mjomba, akaifua mwenyewe kwa mkono, na kila akiikamua niliona anaikamua kupita kiasi.

Jumapili majamvi yalijaa. Bibi alikaa katikati, chungu ya karafuu mbele yake. Hatukuchambua hata kikapu kimoja kabla sauti haijaja, na ilitoka mbali, upande wa magari. Wete. Jirani hakushangilia. Kwa adabu yake aliinamisha kichwa, akaendelea kuchambua, ila akaanza kuimba kwa pua.

"Imba, imba," bibi akamwambia. "Jua bado liko juu."

"Naimba zangu tu, Bi mkubwa. Mtu asiimbe sasa?"

"Imba. Lakini konyo hilo umelitia kwenye karafuu."

Kipindi cha pili watoto ndio walioanza. Uani mzima ukasimama, karafuu zikamwagika, mama, aliyekuwa kanuna tangu asubuhi, akapiga kigelegele cha kwanza. Sare. Ikawa sasa ni kungoja tu, na kungoja hakuna kazi ya mikono inayokusaidia. Nilikuwa nikizichota karafuu zilizomwagika na kuzirudisha jamvini pamoja na mchanga, na hakuna aliyenigombeza.

Kisha Gombani ikanyamaza.

Sijui nikuelezeje. Haukuwa mguno, wala mngurumo wa watu walioonewa. Ni kama mtu kafunika chungu. Tulisikia kuku. Tulisikia maji yakidondoka bombani. Wanawake wote wakamtazama bibi, na bibi alikuwa ameshika karafuu moja kati ya vidole, haitupi huku wala kule.

"Penalti," alisema.

Hakuna aliyeuliza ya nani. Ingekuwa yetu, watoto wangelikuwa wamepasua anga. Nilimwona mama akiuma ncha ya mtandio wake. Midomo ya bibi ilikuwa ikisoma dua. Na jirani yetu, Mwete wa Wete, aliyetuimbia kwa pua kipindi kizima, akanyoosha mkono akaushika mkono wa bibi na karafuu yake ndani. "Mungu anisamehe," alisema, "na watu wa kwetu wasijue. Lakini adake."

Watoto ndio walioanza.

Bibi hakuruka. Alikaa vile vile huku kilio cha furaha kikija juu ya mapaa kwa mawimbi, kikipokelewa na watu wazima, kikizunguka Chake nzima. Halafu akauachia mkono wa jirani, akajishika magoti, akasimama. "Ongezeni nazi," alisema. "Watarudi wana njaa."

Walirudi, mjomba wamembeba juu juu, uso kauficha kwa glavu kwa haya. Nyuma yao alikuja mgeni, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu. Alivivua mlangoni, akakaa kwenye sinia kati ya wachezaji, akaanza kula kabla hajakaribishwa.

Mjomba alidaka mipira ya Bara miaka mingi. Yako magoli aliyofungwa ambayo hata mimi mpwa wake sitayatetea. Lakini kila alipotajwa redioni, mtangazaji alisema "kipa kutoka Pemba," na bibi alinyoosha mgongo kana kwamba kaitwa yeye. Na sisi tuliobaki? Msimu uliofuata golini kwetu alikaa kijana mfupi tuliyemdhihaki, na tukasalia ligi kuu tena. Ndiyo maana usajili hauniumizi kama unavyowaumiza wengine. Timu inayokufa kwa kuondokewa na mtu mmoja haikuwa timu. Kisiwa hiki kimewapa watu wote vipa, mawinga, walimu na mashehe, na bado kina wa kuwapa.

Bibi hayupo tena. Jirani naye tumemzika, na waliolibeba jeneza lake wengi walikuwa watu wa Chake. Kambi siku hizi ni ya hoteli. Karafuu bado zinaanikwa Madungu, lakini anayechambua ana simu pembeni, na goli humfikia kwa mlio mdogo kabla sauti ya Gombani haijavuka migomba. Sisikitikii yote. Siku ile uwanjani nilikaa kati ya wanawake, wasichana wenye jezi juu ya mabaibui wakimkosoa kocha kwa maneno ambayo bibi angeyaazima, na nilijivuna nao. Kilichotoweka ni kuona mtu anavyotoka. Sasa usajili ni picha ya mtu kashika jezi mpya, anacheka. Hatuoni nyumba aliyoiacha wala aliyempa radhi. Tusipoona, tunadhani kakimbia. Ningelikuwa na muda na yule bwana wa kofia, ningelimsimulia Jumatatu ile.

Ilikuwa baada ya sala ya alfajiri. Mgeni alingoja nje na mkoba. Jirani alileta halua ya kwao imefungwa kwenye ukili, akamtia mjomba mkononi. "Ukifungwa, usiseme ulikula ya Wete." Mama alilia bila kujificha. Bibi alitaka ampitishe chini ya msahafu, kama tunavyowafanyia wasafiri, lakini mjomba alikuwa mrefu mno, na bibi hakutaka mwanawe ainame. Akapanda juu ya kigoda. Akaunyanyua msahafu kwa mikono miwili, mjomba akapita chini yake wima, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu.

"Radhi yangu unayo," alisema bibi kutoka juu. "Ya mbele na ya nyuma. Nenda."

Msafiri akishavuka kizingiti haitwi nyuma. Hilo hata mtoto analijua. Mjomba alivuka. Nilimwona mgongo, na bega alilokuwa akinibebea nikichoka, na nilifungua kinywa nimwite. Bibi alikuwa ameshateremka. Akaniziba kwa kiganja chenye harufu ya karafuu, na kwa mkono wa pili, taratibu, akaufunga mlango.